Nilichokula kwa Révérienne

Bangwe, Kigoma
Jumanne, 2 Juni 2015

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima, wewe pamoja na Baba Elikana, na naomba barua hii ikukute umeketi, si umesimama. Vipi goti lako? Na kahawa ya mwaka huu, imeanza kuiva au mvua bado inawazungusha? Mimi ninaweza kutembea, kula na kuandika, na kwa leo namshukuru Mungu kwa hayo matatu.

Utashangaa kupokea barua kutoka Kigoma mjini, ambako kutoka kwenu ni mwendo wa asubuhi moja tu, na utajiuliza kwa nini sikupanda kuja Kalinzi au kupiga simu. Simu niliishika mara nne. Nimechagua kuandika kwa sababu mambo ninayopaswa kukueleza yanahitaji kupangwa, na kwa sababu mbele ya uso wako ningeshindwa. Tafadhali isome peke yako kwanza.

Nilishuka kwenye treni siku ya Ijumaa. Shirika moja la misaada lilikuwa limeniita kwenye usaili wa Jumatatu, kwa nafasi ya ofisa takwimu wa wakimbizi wapya wanaovuka kutoka Burundi. Nami, nikiwa na cheti cha shahada yangu ndani ya bahasha ya plastiki, niliona ni busara kutangulia ili nipumzike, nitembee Ujiji na ufukweni, nile samaki wa ziwa letu, kisha niingie usailini nikiwa na uso uliotulia. Nilikusudia kuja kwenu baadaye, barua ya ajira ikiwa mkononi. Hayo yalikuwa majivuno yangu, Mama, na nayaungama kwanza kwa kuwa ndiyo madogo.

Kabla sijaendelea, inanipasa kusahihisha uongo mmoja. Mwaka jana nilikuambia kwamba nina vidonda vya tumbo. Ukweli ni kwamba daktari bingwa wa Dar es Salaam alinipima damu, akanimezesha kamera ya kuchungulia utumbo, akagundua ugonjwa uitwao siliaki. Katika nafaka za ngano, shayiri na rai mna kitu kinachoitwa gluteni, ndicho kinachofanya donge la chapati livutike bila kukatika. Mwili wangu hukipokea kama adui, na katika kupigana nacho huuharibu utumbo wangu wenyewe. Kidonge hakuna. Dawa ni kutoonja ngano kabisa, hata unga uliobaki kwenye kikaango. Daktari akaongeza, huku akiandika, kwamba ugonjwa huu hufuata damu ya familia, akaniuliza kama nina ndugu aliyewahi kuharisha kwa muda mrefu utotoni, miguu ikikonda na tumbo likivimba. Nilimjibu kwamba sina ndugu.

Tangu siku ile mdogo wangu Inamahoro, tuliyemzika kambini tulipokimbia Burundi, mwishoni mwa mwaka 1996 akiwa na miaka mitatu, amekuwa akinijia kwa sauti ya kutafuna. Simwoni. Nasikia tu meno madogo yakisaga kitu kikavu, nyuma ya mlango, kwenye foleni ya benki, katikati ya mhadhara.

Ungedhani kwamba mji wa ugali wa muhogo na dagaa ungenistarehesha. Jumamosi asubuhi nilizunguka kwa mama lishe watatu, na kila mahali niliuliza yaleyale: samaki amepakwa unga wa ngano? Mafuta haya yamekaangia maandazi? Mchuzi umefanywa mzito kwa kitu gani? Wa tatu, anayepika hapa Bangwe, anaitwa Anifa, mwanamke wa Kikongo mwenye kicheko kikubwa. Yeye aliweka mwiko chini akaniuliza kama nimekuja kula au kumkagua. Nilipomweleza ugonjwa wangu, akawatangazia wateja kwamba leo amepata msomi anayekimbizwa na andazi, na mvuvi mmoja akajibu kwamba kama ni hivyo chapati zangu apewe yeye, atanisaidia kuugua. Hata hivyo Anifa aliosha kikaango kwa majivu, akamimina mawese mapya, akanikaangia mgebuka mtupu mbele ya macho yangu.

Samaki akiwa jikoni, alinishauri kwa wema kabisa nipunguze maswali. Alisema huku kwetu mtu anayekikataa chakula cha mwenzake, au kuchunguza kilichotiwa ndani, anaeleweka kuwa anamshuku kwa sumu. Akanionyesha nyumba yenye bati jekundu, karibu na vichanja vya kuanikia dagaa, akasema kwamba yule mama Mrundi, Révérienne, huuza dagaa tu. Kitu alichokipika kwa mkono wake hakuna anayekigusa tangu enzi za kambi, kwa kuwa inasemekana aliua mtoto wa jirani kwa uji.

Sikumaliza samaki wangu. Nilitaka kurudi gesti, lakini njia ilinipitisha kando ya uwanja wanakopokelewa wakimbizi wapya. Watoto walikuwa wameketi chini mstari kwa mstari, kila mmoja na pakiti yake ya biskuti, wote wakitafuna. Miongoni mwao msichana mdogo mwenye miguu kama vijiti na tumbo la mviringo alinyanyua uso akanitazama bila kuacha kutafuna. Safari hii sauti ilikuwa na mwenyewe. Niligeuka, nikarudi hadi kwenye bati jekundu.

Mama Révérienne amezeeka kuliko umri wake, mfupi, mikono imeparara kwa chumvi ya dagaa. Sikujitambulisha. Alinitazama kipaji cha uso, akaniita mwana wanje, yaani mwanangu, kama wanavyosema akina mama wa kwetu, na akasema mimi ni wa Marsiana, akikutaja wewe. Swali lake la kwanza lilikuwa kama u hai. La pili, kama bado unakohoa msimu wa baridi. Hakuuliza la tatu. Aliniketisha, akakanda unga, akakaanga maandazi, na alipomaliza akachukua moja, akalivunja katikati, akala nusu yake mbele yangu kama ilivyo desturi ya mwenyeji, kisha akaninyooshea nusu ya pili.

Maneno nilikuwa nayo, yaleyale niliyoyatumia kwa Anifa bila haya. Lakini yeye aliniwahi. Alisema, mkono ukiwa bado umenyooka, kwamba kwa miaka kumi na tisa wageni wake wote wana sababu nzuri: huyu amefunga, huyu jino linamuuma, huyu ametoka kula sasa hivi. Akacheka kidogo. Mkono haukushuka. Mama, niliipokea ile nusu. Nilikula, kisha nikala mawili mazima, naye akawa anajifuta macho kwa ncha ya kanga akilalamikia moshi, ingawa moto ulikwisha kuzimika.

Saa kumi na moja jioni tumbo lilinishika kama kitambaa kinachokamuliwa. Nilitapika hadi nikashindwa kusimama. Honorata, mwenye gesti, alinishika mabega akaniuliza nimekula wapi. Nikiwa nimeinamia ndoo, bila kufikiri, nikajibu: kwa Révérienne. Yalikuwa maneno mawili tu, na yalifika Bangwe kabla mimi sijafika zahanati.

Jumapili, nilipotolewa dripu, nilirudi kwa Révérienne nikakuta dagaa wake wamemwagwa mchangani na kukanyagwa, na umati umemzunguka mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mwinshehe. Nilisimama nikawaeleza kwa ufasaha wote niliofundishwa: gluteni, utumbo, daktari bingwa. Nilisema hata kwamba andazi la Anifa lingenifanya vilevile, na Anifa, Mungu ambariki, alipaza sauti kuwa ni kweli, yeye mwenyewe nilimsumbua kwa maswali. Lakini kijana mmoja mvuvi, Selestini, akauliza ni ugonjwa gani huu wa wasomi usioonekana mpaka mtu apite kwa mchawi, na watu wakacheka. Wengine wakasema nimetishwa ili nimtetee. Ndipo bibi mmoja aliyekuwa nasi kambini akakumbusha kwamba mtoto aliyekufa alikuwa mdogo wangu, na kwamba wewe, Mama, ndiye uliyetamka mazishini kuwa uji wa Révérienne umemuua mwanao.

Mzee Mwinshehe si mtu mbaya. Alisema hawezi kumfukuza mtu kwa uvumi, lakini pia hawezi kuliondoa neno lililosemwa na mwingine. Aliyelisema, kama yu hai, aje alifute mwenyewe mbele ya watu, Jumamosi hii baada ya sala ya alasiri. La sivyo, yeye hataweza kuilinda nyumba ile, na ingekuwa heri mama huyo ahame mapema.

Jana nilikwenda kwenye usaili. Ulikwenda vizuri, walinisifu kwa kujieleza. Nilitoka nje nikajiuliza kujieleza huko kulikuwa wapi siku zile mbili nilipohitaji maneno.

Siku ya pili ni Jumamosi, mbele ya lile andazi. Ya kwanza ni ile ya mazishi, na hapa ndipo barua yangu ilipokuwa ikielekea. Utakumbuka sanduku la biskuti za msaada, ulilolificha chini ya virago ili tubadilishe kwa chumvi na sabuni, ukanikataza kuligusa. Ulipolala na homa, Mama Révérienne, jirani wa hema, alimchukua Inamahoro akamlea kwa uji wa mahindi na ndizi, na siku za mwanzo mtoto alianza kucheza. Ulisimulia hivyo wewe mwenyewe. Mimi nilikuwa na miaka saba, nimebaki peke yangu, namtaka mdogo wangu. Nikafungua sanduku. Kila mchana nilipita nyuma ya hema lile na biskuti mbili. Zilikuwa ngumu, nikawa nazitafuna kwanza mimi, kisha namlisha. Biskuti zile ni ngano, Mama. Alipoanza tena kuharisha nikamwongezea, nikiamini anahitaji nguvu.

Alipofariki, uliniita mbele ya waombolezaji ukaniuliza kama alikula kitu mahali pengine popote. Makombo yalikuwa mfukoni mwa gauni langu. Nikasema hapana, kwa Mama Révérienne tu. Wewe hukumsingizia mtu. Ulirudia ulichoambiwa na mwanao.

Hakuna daktari awezaye kuthibitisha leo kilichomuua. Kuharisha kuliua watoto wengi mwaka ule. Utasema pia kwamba mtoto wa miaka saba hahukumiwi. Lakini huyu wa miaka ishirini na sita, aliyejua tangu mwaka jana na kunyamaza ili asiharibu jina lake, yeye anahukumiwa.

Leo asubuhi nilimwambia Révérienne yote, tukiwa tunaokota dagaa waliosalimika. Aliendelea kupuliza mchanga kwenye dagaa mmoja mmoja. Kisha akaniuliza kama mtoto alizipenda zile biskuti. Nikamwambia alizipenda sana. Akasema basi, afadhali, kwa maana uji wake alikuwa hana hamu nao, na jambo hilo ndilo lililomnyima usingizi miaka yote.

Njoo, Mama. Panda gari la Ijumaa, usingoje la Jumamosi. Makosa yote nibebeshe mimi mbele ya watu, nitasimama kando yako nikiyakubali kwa jina langu. Révérienne atapika, na mimi sitaweza kula. Itakubidi wewe ule, polepole, kila mtu akiona.

Msalimu Baba Elikana, na majirani wote wanaonikumbuka kwa wema. Usiwaambie bado kuhusu usaili.

Nitakuwa kituoni Ijumaa tangu gari la kwanza.

Ni mimi binti yako,
Arakaza