Mapera Tisa Yenye Alama Nne

Mdogo wangu mpenzi,

Huku hatujambo. Paka amezaa tena, na wanafunzi wangu wa uchoraji bado wanasahau kuacha karatasi nyeupe pale tunda linapong'aa.

Wiki iliyopita niliwachorea pera la mfano, mkono wangu ukaropoka. Badala ya doa moja la kupondeka, nililitia alama nne zilizofuatana, zambarau katikati, manjano pembeni. Ndizo nilizoziona mkononi mwako ulipodai mlango ndio uliokupiga. Wanafunzi wote tisa wakanakili hivyo hivyo.

Jana mumeo alikuja darasani kukutafuta, eti umechelewa kurudi nyumbani. Alipoyaona mapera ukutani akayararua yote. "Nani kawaambia?" akafoka.

Mwanafunzi wangu mmoja, muuguzi mstaafu, akamjibu, "Kwani nani amekutaja, baba?"

Alimzaba kofi, mama wa watu akaangukia meza. Kisha akanikaba koo. Nikampiga kichwani kwa jagi la maji ya brashi, alipoyumba nikamwongeza, na sijutii. Nimesoma vitabu vingi vinavyosifu subira. Walioviandika hawakuwa wamekabwa.

Yuko polisi mpaka kesho asubuhi. Anayekuletea barua hii ndiye huyo muuguzi. Mdomo wake umevimba, lakini ulimi bado uko kazini. Usioshe vyombo, usifungashe mizigo, usimwandikie yule mtu hata neno moja. Vaa viatu utoke na muuguzi sasa hivi.

Mlango wangu uko wazi, na haujawahi kumpiga mtu.

Dada yako