We Mzee, Simama!

Nusrat weee! Mdogo wangu Shamsa kapata kazi! Afisa usalama kwenye kiwanda cha samaki, huku huku Pasiansi! Ila ngoja usikie alivyoipata, mbavu sina.

Kaenda kwenye usaili na lile baibui lako la harusi ya Sada. Kufika uani anamwona meneja mwenyewe, Mzee Otuoma, mvi kichwa kizima, anatembea huku anaongea na simu. Foklifti yenye makreti ya sangara inarudi nyuma, inaelekea pale pale anapokwenda yeye! Wafanyakazi wanaona, lakini nani amkatize bosi?

Shamsa akapaza sauti: "WE MZEE, SIMAMA HAPO!"

We mzee!! Shamsa huyu anayempigia goti hadi muuza dagaa!

Mzee akaganda. Foklifti ikapita mbele ya pua yake. Hapo Shamsa ndiyo anakumbuka: "Shikamoo."

Hakujibiwa.

Kaingia kwenye usaili kashakata tamaa. Mzee akauliza swali moja tu: "Pale nje umeniitaje?"

"We mzee," kajibu, macho chini.

Mzee akacheka mpaka akavua miwani. "Humu wote wananiheshimu. Wangeniacha nigongwe kwa heshima zao. Jumatatu uanze kazi. Na marahaba, mwanangu."

Nusrat, sasa hivi ndiyo karudi nyumbani, kamkuta mama juu ya stuli anabadilisha taa. "WE MAMA, SHUKA HAPO!"

Kandambili imempata mgongoni.