Alama za Moto Juu ya Meko

Jumatatu, 4 Novemba
Bi. Thorley! Bado najiita hivyo mbele ya kioo. Mume wangu Giles kanibeba kuvuka kizingiti cha nyumba ya kwao, kajigonga kichwa kwenye boriti. Tulicheka! Mbele ni mawe na madirisha marefu — moja limechorwa tu ukutani ili pande zilingane. Nyuma ni mbao na udongo, sehemu ya kale zaidi. Baridi inapenya kila mahali. Vioo vya madirisha haviruhusiwi kubadilishwa, nyumba inalindwa na serikali kama jengo la kale. Sijali. Nina Giles.

Jumatano, 6 Novemba
Tumemwandalia mama mkwe zawadi, yuko kwa dada yake. Boriti ya juu ya meko ilijaa madoa meusi, umbo la machozi. Giles kaleta mashine ya msasa, kashika ngazi, mimi nikasugua. Sasa inang'aa kama asali! Kanibusu na vumbi langu lote.

Ijumaa, 8 Novemba
Mama mkwe amerudi. Kasimama mbele ya meko, hata koti hajavua, kanigeukia.
"Aa, mwanangu. Ulidhani ni uchafu?"
Kumbe ni alama, wajenzi walizichoma kwa mshumaa, makusudi, kuzuia moto na wachawi. Miaka mia nne iliyopita. Zimetajwa kwenye hati ya ulinzi. Kuzifuta ni kosa la jinai, mtu anaweza kufungwa.
Giles kanishika bega. "Tulia, mpenzi. Tulikuwa wawili."
Viazi vya jioni havikuwa na ladha.

Jumapili, 10 Novemba
Kanisani. Mama mkwe kwa majirani: "Bibi harusi wetu anapenda usafi, jamani! Msimwachie makaburi, atafuta hata majina!" Wakacheka. Giles pia.

Jumanne, 12 Novemba
Afisa wa majengo ya kale yuko chini. Mwanamke mpole, kapapasa boriti kama anayepima homa ya mtoto. Nimepanda chumbani kuchukua sweta. Mlango uko wazi, nasikia yote.
Kauliza nani alifanya.
Mama mkwe: Giles alikuwa London siku hiyo.
Nangoja Giles acheke, aseme mama, acha utani.
Afisa kamuuliza Giles mwenyewe. Kasema ndiyo, London, alirudi usiku.
Kalamu inaandika.
"Mpenzi!" anaita. Sauti ile ile tamu. "Shuka, mgeni ana swali dogo tu."
Sweta nimeshavaa. Nimekaa kitandani, upande wake.
Anaita tena —