Kibubu cha Nauli ya Kiriba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama na mvua haijakuharibia mihogo. Huku Dodoma tupo, ila nimechoka. Tangu tuanze kumwaga zege la ghorofa ya pili, mabega hayanyanyuki. Barua hii naituma kwa jirani yetu anayekuja kwao Bunda, maana kwenye simu ningeshindwa kuyasema.

Unajua tulikuwa tunaweka chenji kwenye kibubu cha mbao, iwe nauli ya kuja huko Kiriba Krismasi umwone mjukuu wako Magesa, ambaye hujamshika hata siku moja. Kutumbukiza ilikuwa kazi yake. Nikirudi jioni, hata buti sijavua, ananivuta suruali: "Lete yake!" Yaani ya kibubu. Namwinua, anatumbukiza, anajipigia makofi, anadai nyingine. Mke wangu Nyangeta humwambia, "Baba mkwe, mwache mwanao akae kwanza." Amebeba jina la marehemu baba, basi hakuna wa kumfokea.

Kila Jumapili tulikuwa tunakinyanyua wote watatu. Kizito! Ndiyo maana nikakuahidi.

Wiki iliyopita tulikivunja tukakate tiketi. Zikatoka sarafu na misumari. Misumari mingi, Mama. Ni ile ninayookota saiti na kuisahau mfukoni. Kumbe nikivua suruali ya kazi, Magesa anaipekua na kukilisha kibubu. Namshukuru Mungu hakumeza hata mmoja.

Nyangeta alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akahesabu sarafu. "Kwa watu watatu, hii itatuishia Singida tu," akasema.

Mimi sikucheka. Nilitaka kumchapa mtoto, nakwambia ukweli. Akaokota msumari, akaninyooshea: "Baba, yake." Nikaupokea.

Kwa hiyo Krismasi hatuji. Pesa iliyopatikana inatosha mtu mmoja tu. Nyangeta ananiambia niende mimi. Nimelifikiria hilo nikibeba mifuko ya saruji, asubuhi hadi jioni. Lakini wewe kila ukipiga simu hunitaji mimi, unamuulizia Magesa: "Mume wangu hajambo?"

Sarafu nimezibadilisha dukani, noti nimempa jirani. Ni nauli ya mtu mmoja, Mama, na mtu huyo ni wewe. Jirani atarudi huku kabla ya Krismasi, panda naye. Najua hujawahi kuvuka Bunda. Yeye atakaa kiti cha pembeni yako mpaka mfike, na mimi nitakuwa stendi. Ya kurudi tutaitafuta mbele ya safari. Siku hizi mifuko ya suruali naikagua mwenyewe.

Msalimie dada Nyamisi, mwambie ng'ombe abaki nao yeye, asikupe sababu ya kutokuja. Msalimie mjomba mvuvi, na mama mchungaji anayekusomea barua hii. Mama mchungaji, tafadhali hapo pa nauli msomee mara mbili, asije akajifanya hakusikia.

Mimi mwanao,
Bwire