Tuko Jikoni

Kibugu, Jumamosi, 3 Mei

Baba Linda,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi ni wazima, ila mvua haijatupa nafasi hata ya kuanika nepi. Mtoto mpya ananyonya vizuri, halafu analia mpaka jogoo anamsaidia. Wewe kifua kikoje? Na sikio?

Simu yako haipatikani. Jama, yule dereva wa mji wa Maua anayebeba maharagwe ya msaada kutoka kanisa letu, amesema busta ya simu, ule mnara, imeanguka huko, lakini yeye anapita kambi yenu ya waokoaji, hapo mlima ulipoporomoka, kila siku. Ndiyo unaona nakuandikia kama msichana wa shule.

Uliniambia, "Naenda kuangalia tu, Jumapili niko nyumbani." Mtu wa kuangalia habebi beleshi na kamba za jeshi. Baba Linda, jeshini ulitoka. Ulirudi na sikio moja linalosikia, na tukamshukuru Mungu kwa hilo moja. Hakuna afande aliyekuita huko. Mimi nimejifungua juzi, mgongo haujanirudia, na ng'ombe hajui hayo.

Kesho nakungoja.

Mama Linda

*

Juu ya Maua, Jumapili, 4 Mei

Mama Linda,

Pole na kazi, pole na usingizi. Mimi ni mzima, kifua hakina neno. Leo ndiyo ile kesho yako, na ni karatasi tu imefika. Usinikasirikie. Ama nikasirikie, lakini uniwekee nikija.

Mlima ulishuka Ijumaa alfajiri na majani chai yake yote, ukafunika boma la mtu anaitwa Kaimenyi. Yeye anafanya kazi ya kuoka mikate mjini, hulala huko. Chini ya udongo kuna mke wake Celina, mtoto wao aliyezaliwa majuzi kama wetu, na Kathambi, mama yake Kaimenyi.

Jana nilinyamazisha watu wote nikalaza sikio zima chini. Kitu kiligonga. Polepole, kama mwiko kwenye sufuria. Lakini mtu wa sikio moja anasikia sauti, hajui imetoka upande gani. Kaimenyi anasema mke wake analala chumbani, kwa hivyo tunachimba chumba cha kulala. Nimeuliza, na jikoni je? Akasema, "Huko ni mbuzi tu, afande. Mke wangu si mbuzi."

Njura, anayetuongoza, ameona ufa juu yetu. Mkono wangu unaingia wote. Kesho saa sita mchana anatushusha sisi sote, tumepata mtu au hatujapata. Nipe hiyo siku moja.

Baba Linda

*

Kibugu, Jumatatu, 5 Mei

Baba Linda,

Sina nafasi ya kuuliza hali, Jama ameacha injini ikinguruma.

Nilisoma barua yako nikinyonyesha, nikataka kumwambia Jama sina la kujibu. Nikinyamaza, saa sita utashuka, utarudi kwangu na miguu yako yote. Nikisema, hutashuka. Nakujua. Nimeangalia huyu mtoto, nimeshindwa kunyamaza.

Chimbeni jikoni.

Kaimenyi hajui, vile wewe hujui. Linda, mkubwa wetu, alipozaliwa ulikuwa jeshini Somalia. Mama yako aliniambia, "Nyumba ya mabati ni baridi, utaniulia mtoto." Akafukuza mbuzi, akatandika godoro karibu na mafiga, tukalala hapo watatu na moto wetu mpaka Linda akaanza kukaa. Ukija likizo tunarudisha godoro, unakuta kitanda kimetandikwa, unafikiri ndivyo siku zote. Nani angekuambia? Hayo ni mambo ya wanawake na uji. Na kwa mvua hii, hakuna nyanya wa huku atakayemwacha mzazi alale kwenye baridi. Hata mimi, tangu uondoke, nimehamia huko.

Tena mwiko haukai chumbani, Baba Linda.

Mtoe Celina. Halafu urudi. Sikuombi, nakuambia.

Mama Linda

*

Kibugu, Jumatano, 7 Mei

Baba Linda,

Habari yako sijui niiulizeje.

Jana Jama hakupita. Leo amepita mikono mitupu. Anasema Jumatatu mchana mlima ulishuka tena, polisi wamefunga barabara, na waokoaji wengine wamepelekwa hospitali. Nikamuuliza, "Na Baba Linda?" Akainama akaanza kuangalia magurudumu. Nikamwambia, "Jama, gurudumu halina pancha, niangalie mimi." Akasema, "Mama, wallahi sijui."

Kama ni mimi niliyekupeleka pale, ni mimi. Nimejiuliza nikikamua, nikiosha, nikichuma majani na mtoto mgongoni. Ningeandika yale yale. Lakini nijibu. Hata neno moja.

Mama Linda

*

Meru mjini, wodini, Alhamisi, 8 Mei

Mama Linda,

Neno moja: mzima.

Mengine ni haya. Barua yako ilinikuta Njura ameshapiga filimbi ya kushuka. Niliisoma kwa sauti. Watu watatu wakarudi na mimi. Bati la jikoni lilikuwa limelalia mafiga, na chini yake kulikuwa na nafasi kama ya kitanda cha mtoto. Kathambi alikuwa ameegemeza mgongo wake kwenye udongo ili usiingie. Alikuwa ameshaenda. Celina alikuwa mbele yake, mtoto kifuani, mwiko mkononi. Hata kwa ambulensi alikataa kuuachilia.

Tulipitisha mtoto, tukampitisha mama yake. Mimi nilikuwa wa mwisho, mlima ukashuka tena, udongo ukanishika mguu. Umevunjika mahali pawili, utapona.

Kaimenyi anakaa hapa kando ya kitanda changu. Mama yake walimtoa baadaye, amemzika jana. Aliniuliza, "Mke wako alijuaje?" Nikamwambia alilala jikoni miezi mingi na mimi sikujua.

Jama ananileta Jumamosi.

Baba Linda

*

Kibugu, Ijumaa, 9 Mei

Baba Linda,

Nimesoma. Nililia kidogo, nikamlilia na Kathambi, kisha nikaenda kukamua.

Hasira yako nimekuwekea kama ulivyoomba, utaikuta ikiwa moto.

Ukifika usihangaike na mlango wa nyumba kubwa na hiyo plasta ya mguu, nimeufunga. Mwambie Jama akushike mkono mzunguke nyuma, mfuate moshi. Godoro nimelisogeza, nafasi yako ni upande wa ukuta.

Tuko jikoni.

Mama Linda