Mwenye Fulana Asipekuliwe

Kituo cha Polisi,
Jumatatu, saa tano asubuhi.

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na shemeji na wadogo hapo nyumbani. Natumaini mgongo wa shemeji umepata nafuu, na kwamba amemsikia daktari akaacha kubeba magunia kama kijana wa miaka ishirini. Mama naye namwombea afya. Mimi mwili wangu ni mzima.

Najua macho yako yameshapita mistari hii mbio mbio yakimtafuta mwanao Chiriku, ninayekaa naye huku. Nitafika kwake. Nakuomba usiruke hata mstari, kwa sababu nikianza na mwisho hutanielewa, na mimi nataka unielewe hata kama hutanisamehe. Aliyekuletea barua hii ni mwenzangu wa kazi anayekwenda likizo upande huo. Kwa simu nisingeweza kukuambia haya yote. Nimemwomba aketi nawe mpaka umalize kusoma. Mpe kiti.

Unakumbuka nilivyokuambia miaka miwili iliyopita kwamba nimekabidhiwa mpango wa kulea vijana. Ulinicheka mpaka ukakohoa, ukasema mimi niliyekuwa nikijificha chooni zamu yangu ya kuosha vyombo ikifika, leo nalea watoto wa watu. Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila Jumamosi vijana wa mtaa wanakuja kwenye ukumbi nyuma ya kituo, uliokuwa ghala la baiskeli zilizokamatwa. Kila askari anakuwa mlezi wa vijana watano. Tunacheza mpira wa wavu, kisha tunakaa chini tunazungumza kuhusu dawa za kulevya bila kutishana: nani anazigawa, anaanzaje urafiki, kijana amjibu nini siku anapopewa ya kwanza bure. Mwanao alikuwa wa kwanza kujiandikisha. Na kwa mdomo wake ule usio na breki, alituletea wengine wanane ndani ya wiki moja.

Shida ilikuwa askari wetu wenyewe wa doria. Vijana wakitoka ukumbini wanasimamishwa njiani, mifuko inageuzwa, viatu vinavuliwa, na wapita njia wanatazama. Wakaanza kupungua. Nikaenda kwa mkuu wa kituo nikamwambia hatuwezi kumwita mtoto mwanetu ndani ya ukumbi halafu tukamfanya mwizi akifika barabarani. Nikapendekeza tuwashonee fulana za rangi ya chungwa zenye nembo ya mpango, na atakayeivaa aachwe apite. Mkuu alikubali. Maneno niliyaandika mimi, yakasomwa kwenye gwaride la asubuhi: mwenye fulana asipekuliwe.

Miezi mitatu baadaye walikuwa arobaini na mmoja. Nikapata barua ya pongezi kutoka makao makuu, nikavimba kichwa, nisikufiche. Vituo vingine vilianza kuuliza tumefanyaje.

Wakati huo ndipo alipokuja yule tuliyemwita Mzee wa Maji. Ni mtu wa makamo, mpole, ana gari la kusambazia maji madukani. Alijitolea kutuletea madumu ya maji ya kunywa kila Jumamosi, akataka kiti cha plastiki tu, aketi mlangoni awatazame watoto wakicheza. Aliwajua wote kwa majina. Hakuna aliyemuuliza amepata wapi majina hayo. Tulimpenda, dada. Mimi alikuwa akiniita mwanangu.

Muuza vocha wa pale stendi alinitania siku moja kwamba afande, watoto wako wanazaliana kama sungura, kila nikiinua macho naona chungwa linapita. Nilicheka. Nilidhani ananivika kilemba cha ukoka. Kumbe alikuwa mtu wa kusikilizwa.

Kisha asubuhi moja tukaitwa kwenye gereji iliyofungwa siku nyingi. Kijana amelala nyuma ya gari bovu, amekufa, bomba la sindano liko kando yake. Amevaa fulana yetu. Nilimgeuza uso nikiogopa ni yupi kati ya wangu, nikakuta simjui. Sijawahi kumwona ukumbini hata siku moja. Nilijiambia ameiazima, au ameiiba kwenye kamba ya nguo. Kwenye mazishi mama yake alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kumlea mwanawe. Alisema tangu mwanawe aanze kuvaa ile fulana, yeye alikuwa akipata usingizi, kwa kuwa alijua kijana yuko na sisi. Nikaitikia. Nikaipokea shukrani ile, dada, nikarudi nayo nyumbani.

Chiriku alikuwa amenyamaza wiki kadhaa. Nilidhani ni mitihani. Ukweli ni kwamba nilifurahi kidogo nyumba imetulia.

Wiki mbili baada ya mazishi, fundi wa cherehani aliye mkabala na kituo aliniita kutoka ng'ambo ya barabara. Aliniuliza zile fulana ishirini na nne nitazichukua mwenyewe au atakuja Chiriku kama kawaida. Nikamuuliza fulana zipi. Akashangaa. Akasema huu ni mzigo wa tatu tangu ule wa kwanza, na kila mara binti yangu ndiye huleta agizo akisema ametumwa na mama mdogo. Nikamwambia nilikuwa nimesahau.

Nilimkuta Chiriku nyumbani anapiga pasi. Ilikuwa Jumapili mchana. Nilimuuliza swali moja tu, akaweka pasi chini akalia kama hajawahi kulia. Alisema Mzee wa Maji alimwambia kwamba mtaani kwake kuna vijana wanaotaka kujiunga lakini wanaogopa kuandikwa majina polisi, hivyo waanze na fulana, woga utaisha wenyewe. Mwanao akaona anatusaidia. Baadaye yule mzee akamwomba ampelekee dada yake mgonjwa bahasha ya dawa ng'ambo ya stendi, pale penye kizuizi chetu cha upekuzi. Akapeleka mara tatu. Mara ya nne bahasha ilichanika mkononi mwake, akaona vifuko vya unga. Alikataa kuendelea. Yule mzee hakumgombeza. Alimweleza taratibu, anacheka, kwamba fulana zote zimeagizwa kwa jina la mama yake mdogo, na hadithi ikitoka nje atakayefungwa ni mama mdogo.

Basi akaendelea kubeba. Alibeba ili mimi nisifungwe, dada.

Sasa nimefika ninapopaogopa. Siku ile ile nilipaswa kumshika mkono tukaenda kwa mkuu. Ni mwendo wa dakika tano. Sikwenda. Wiki iliyokuwa inakuja wageni wa makao makuu walikuwa waje kuutazama mpango wetu ili vituo vingine viige, na mimi nilikuwa nimeshaahidiwa cheo. Nikamwambia Chiriku tutaweka mtego. Abebe mara moja tu ya mwisho, Alhamisi, nami nitamfuata nimevaa kiraia nijue mzigo unaishia kwa nani, ili tukienda kwa mkuu twende na kitu mkononi. Aliniuliza kama mkuu anajua. Nikamjibu anajua. Nilimtazama machoni nikamwambia hivyo, naye akapumua, akachukua tena pasi.

Alhamisi saa tisa alasiri niliitwa kwenye kikao cha kupanga viti vya wageni. Dakika ishirini tu. Nilipofika stendi Chiriku hakuwepo. Nilizunguka mpaka maduka yakaanza kufungwa.

Hajarudi mpaka leo, dada.

Ijumaa niliwaambia shuleni anaumwa. Ulipopiga simu jioni nikakwambia anaoga. Nilikuwa nimekaa kitandani kwake nikikwambia anaoga. Nilikuwa bado najidanganya kwamba atatokea mlangoni na kwamba hakuna mtu atakayehitaji kujua lolote.

Jumamosi Mzee wa Maji alikuja na madumu yake saa ile ile, akaketi. Aliniuliza mbona Chiriku hajaja leo. Nikamjibu ana mafua. Akasema nimpe pole sana. Nikawamiminia watoto maji yake wakanywa, na nikatabasamu, maana sikuwa nimemwambia mtu yeyote na sikujua nifanye nini na uso wangu. Alipoondoka ndipo nilipokimbilia kwa mkuu nikamwaga kila kitu. Askari walipofika kwenye ghala lake la maji, mlango ulikuwa wazi na sakafu bado mbichi kwa kupigwa deki. Gari halipo. Kama ningesema alipokuwa ameketi pale mlangoni, tungekuwa naye. Hili nalirudia kichwani kila nikiamka.

Wanamtafuta. Vituo vyote vimepewa taarifa, na mkuu mwenyewe yuko barabarani tangu juzi. Mimi nimevuliwa sare. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la wenye malalamiko, upande wa nje wa kaunta, kwa kalamu ya kuazima.

Leo asubuhi konstebo aliyekuwa zamu kizuizini Alhamisi ametoa maelezo yake, nami nimeomba niyasome. Anasema alimwona. Anasema Chiriku alifika mbele yake akasimama, hakupita. Alisimama muda, bahasha ameishika mbele waziwazi, akimtazama, kama mtu anayengoja kuulizwa jambo. Konstebo alidhani anataka salamu. Akamsalimu, akampungia mkono apite, kwa sababu alikuwa amevaa fulana.

Njoo, dada. Njoo na shemeji kama mgongo unamruhusu. Njoo na picha ya Chiriku, hata ya zamani, maana mkuu anataka picha ya kubandika, na nilizo nazo mimi zote amevaa rangi ya chungwa. Mama usimsomee barua hii; mwambie tu nimekuita. Wadogo wabusu kwa niaba yangu, na usiwaruhusu kutoka nje peke yao mpaka nikuone.

Sikuombi msamaha kwa karatasi. Nitakuwa hapa kwenye benchi utakapofika, uniseme utakavyo.

Ni mimi mdogo wako, niliyekuomba unipe mwanao nimlee.