Kaburi la Mama Yake Masanja

Jumanne, usiku

Shemeji Deo ameniudhi kweli. Kunifokea vile mbele ya mfiwa!

Masanja alikuja alfajiri. Ndiye ninayemkodishia shamba langu la bondeni kila msimu, yeye na ng'ombe wake. "Shikamoo mama. Mama yangu ametutoka usiku. Naomba nimzike pale shambani."

Hata pole sijampa, Deo akadakia: "Ukiruhusu kaburi, shamba limekwenda! Wasukuma hawa walianza kaya mbili tu. Leo hata kwenye jumuiya tumeacha kusali Kifipa chetu, tunasali Kiswahili kwa ajili yao. Marehemu kaka angekubali?"

Na mimi naogopa, nisijidanganye. Mtu akishamzika mzazi wake mahali, nani atamhamisha? Wanangu sina kingine cha kuwaachia.

Lakini yule bibi, mama yake Masanja, nilipofiwa na mume wangu alikuja. Kifipa hakijui, Kiswahili chenyewe cha kuungaunga. Akakaa nami jikoni kutwa nzima akipepeta ulezi.

Nikamwambia Masanja shambani hapana. Nikampeleka nyuma ya nyumba, kwenye makaburi yetu, nikamwonyesha nafasi pembeni ya mama mkwe wangu. Deo akaondoka bila kuaga. Vijana wao na wetu wakachimba pamoja.

Jioni, tulipomaliza kuzika, Masanja alinishukuru. Kisha akauliza taratibu, "Na mimi, mama, siku yangu ikifika?"

Nikajifanya nakusanya majembe.